Pima Chambo Kwanza, Kisha Uchague Ufito

Juu kidogo ya mpini wa ufito wa kuvulia samaki huwa pameandikwa mstari mmoja wa herufi ndogo: urefu wa ufito, nguvu yake, mshipi unaoufaa, na mwishoni uzito wa chambo kinachoweza kurushwa nao. Anayetaka kumvua besi mkubwa kwa chambo bandia kikubwa na auanze mstari huo mwishoni. Urefu mtu huuzoea, rangi haina kazi, na jina la kampuni halirushi chambo. Uzito wa chambo ndio unaoamua kama ufito utakutumikia kutwa nzima au utakuuma mabega hadi ukaufiche uvunguni.

Besi ninayemzungumzia ni yule wa mdomo mkubwa, samaki wa maji baridi mwenye asili ya Amerika Kaskazini. Wakenya wanamfahamu kutoka Ziwa Naivasha, alikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Huvizia penye majani, magogo na vivuli, na windo likipita hufumbua kinywa ghafla akalivuta ndani pamoja na maji. Mwaka 1932 George Perry alimvua mmoja wa ratili 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na ushei, katika jimbo la Georgia, Marekani. Rekodi hiyo ilikaa miaka 77 mpaka Manabu Kurita alipomvua mwenzake katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Wa Kurita alizidi kwa chini ya aunsi moja tu, na kwa kuwa kanuni za rekodi za dunia zinadai tofauti ya aunsi 2, wavuvi hao wawili wanaishika rekodi pamoja hadi leo.

Lakini mtindo wa vyambo vikubwa ulikomaa California kusini, na sababu yake inafaa kueleweka kabla ya kutoa hela dukani. Mwaka 1959 besi wa jamii ya Florida, ambao hukua wakawa wakubwa kuliko ndugu zao wa kaskazini, walipelekwa kwenye mabwawa ya San Diego. Mabwawa ya eneo hilo yalikuwa pia yakimwagiwa trauti kila msimu wa baridi kwa ajili ya wavuvi wa burudani. Besi wakubwa wakajifunza kuwangoja trauti hao, samaki laini, wenye mafuta, wa urefu wa sentimita 25 hivi, ambao hawajapata kumwona adui. Wakanenepa. Mwaka 1991, katika bwawa la Castaic kaskazini mwa Los Angeles, Bob Crupi alimvua besi wa ratili 22, akakaribia kabisa kuifikia rekodi ya Perry. Besi aliyezoea mlo wa namna hiyo hashtushwi na chambo cha ukubwa wa kidole. Ndiyo maana mafundi wa huko, kama Allan Cole aliyechonga vyambo vyake kwa mbao na baadaye Ken Huddleston aliyetengeneza trauti wa mpira laini, wakatoa vyambo vya urefu wa sentimita 20 na kupita.

Sasa tazama hesabu. Vyambo vya kawaida vya besi vina gramu 10 hadi 20, na ufito wa kawaida wa besi huishia gramu 28, ambazo ni aunsi moja. Trauti bandia wa sentimita 20 huwa na gramu 110 hadi 170, na wapo wanaopita 225. Ukifunga chambo cha gramu 150 kwenye ufito wa gramu 28, ufito unakuwa umekwisha kupinda kabla mkono haujaanza kurusha. Hauna tena nguvu ya kujinyoosha, na kujinyoosha ndiko kunakorusha. Ukilazimisha, huvunjika juu ya mpini, na chambo chenye ndoano mbili za meno matatu huruka ovyo karibu na sikio lako au la mwenzako mliye naye mtumbwini. Hilo si jambo la kujaribu hata mara moja.

Ufito wa vyambo vikubwa kwa kawaida utaandikwa aunsi 2 hadi 8, au gramu 57 hadi 227. Usidhani tarakimu hizo ni ahadi ya kwamba kila uzito uliomo utarushika sawasawa. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote. Anayeandika 8 na mwenzake anayeandika 6 wanaweza kuwa wameuza fito zenye nguvu ileile. Kwenye uzito wa chini ufito haupindi, kwa hiyo unarusha kwa nguvu ya bega. Kwenye uzito wa juu unalegea na kuyumba, na chambo kinakwenda kinakotaka. Ufito hufanya kazi vizuri katikati ya mipaka yake. Ushauri wangu ni huu: weka chambo utakachokirusha mara nyingi zaidi kwenye nusu ya mipaka hiyo au kupita nusu kidogo, na usichague ufito kwa ajili ya chambo kizito kuliko vyote ulivyonavyo, kile unachokitoa sandukuni mara moja kwa msimu. Ufito ulionunuliwa kwa ajili ya jitu hilo utakuwa mgumu kama mchi kwa vyambo vyako vingine vyote.

Kwa hiyo pima. Mizani ya jikoni inatosha, na upime chambo kikiwa na ndoano na pete zake zote, maana uzito ulioandikwa kwenye paketi mara nyingine hauhesabu ndoano. Vyambo viwili vya sura moja vinaweza kupishana sana uzito kwa sababu kimoja kimetengenezwa kielee na kingine kizame.

Duka lisilokuruhusu kujaribu kwa chambo halikunyimi kujaribu kwa maji. Mililita moja ya maji ina gramu moja. Kama chambo chako kina gramu 150, tia mililita 130 kwenye chupa ndogo ya plastiki, na pamoja na chupa na kifuniko utafika karibu sana. Pitisha kipande cha mshipi kwenye pete zote, ning'iniza chupa kwenye ncha, kisha shika ufito ukiwa umelala sambamba na sakafu. Ncha na theluthi ya juu zinatakiwa kuinama kwa utulivu, kiuno kikianza tu kufuata. Ncha ikibaki imenyooka, ufito huo ni mgumu mno kwako. Mpindo ukishuka hadi karibu na mpini, ni dhaifu. Halafu uinue na kuushusha polepole, chupa ikipanda na kushuka: ufito mzuri unatulia mara tu mkono unapotulia, mbaya unaendelea kutikisika. Tazama pia mshipi unapopita kati ya pete na pete. Ukigusa mwili wa ufito pale ulipopinda, pete ni chache au zimepangwa vibaya, na msuguano huo utakula mshipi wako.

Mahali ufito unapopindia pana maana nyingine, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Chambo kigumu cha vipande viwili vitatu, kinachoogelea kwa kuyumba kushoto na kulia, hubeba ndoano nyembamba za meno matatu. Meno hayo huingia mdomoni kwa urahisi, na hutoka kwa urahisi uleule. Ufito unaopinda mpaka kiunoni humfuata besi anaporuka na kutikisa kichwa, mshipi haulegei, na ndoano haichani nyama. Chambo laini chenye ndoano moja nene mgongoni kinataka kinyume chake: shina gumu na mpindo wa juu tu, kwa sababu lazima uisukume ndoano nene ipenye taya la samaki aliye mita 30 mbali. Mtu akinilazimisha kuchagua ufito mmoja kwa kazi zote mbili, nitachukua ule unaopinda katikati. Kukosa kumchoma samaki mmoja aliyegusa kunaniuma kidogo. Kumpoteza aliyekwisha kufika ubavuni mwa boti kunaniuma sana.

Urefu unaofaa ni kati ya futi 7 na nusu na futi 8 na nusu, yaani mita 2.3 hadi 2.6. Ufito mrefu hukusanya mshipi mwingi kwa mvuto mmoja unapomchoma samaki wa mbali, na hukipa chambo kizito njia ndefu ya kuongezea kasi. Gharama yake inalipwa wakati wa kupigana, kwa kuwa ufito ni wenzo na samaki ndiye anayeshikilia upande mrefu. Mtu mfupi, au anayevua kutoka mtumbwi ulio chini majini, hana haja ya kupita futi 8.

Mpini wa nyuma ya rili nao upimwe. Upachike chini ya mkono: mwisho wake ufike kwenye kiwiko au ukipite kidogo. Chambo hiki hakirushwi kwa kifundo cha mkono. Unakiacha kining'inie nusu mita au zaidi chini ya ncha, mkono mmoja penye rili, wa pili mwisho wa mpini. Unageuza kiwiliwili na kukipeleka nyuma polepole mpaka uhisi uzito wake umeupinda ufito, kisha mkono wa juu unasukuma na wa chini unavuta, kwa mwendo mmoja usio na kishindo. Kidole gumba hakibanduki karibu na mshipi. Rili ikizunguka haraka kuliko chambo kinavyoondoka, mshipi husokotana, husimama ghafla, na gramu 150 zilizo kwenye kasi hukata mshipi papo hapo. Wengi wamekiona chambo cha bei kubwa kikiendelea na safari peke yake. Ndiyo maana ufito huu huendana na mshipi wa fluorokaboni au nailoni wa ratili 20 hadi 25, au wa kusuka wa ratili 65 na zaidi, pamoja na rili kubwa yenye nafasi ya kutosha.

Kuhusu malighafi sitakawia. Kaboni ni nyepesi na hupeleka mkononi kila mguso. Faiba ni nzito kidogo, inapinda kwa upole na inastahimili kugongwagongwa botini. Fito nyingi za kazi hii ni za kaboni, au kaboni iliyochanganywa na faiba, na zote zinafaa. Jambo la kuangalia ni uzito wa ncha. Funga rili yako uone: ncha ikielemea chini sana, utakuwa ukiinyanyua kila dakika tangu alfajiri, na saa nne asubuhi mkono utakuwa umekwisha.

Msomaji anayevua Naivasha ana haki ya kuuliza kama haya yanamhusu. Kwa ukweli, ufito huu hauhitaji. Ziwa lile halimwagiwi trauti, na kamba wekundu wa maji baridi walioletwa mwaka 1970 wamekuwa sehemu kubwa ya mlo wa besi wake. Anayekula kamba na visamaki anavuliwa kwa chambo cha gramu 10 hadi 20 na ufito wa kawaida, na pesa iliyobaki itanunua mshipi mzuri. Kwa wanaorusha vyambo vizito kutafuta sangara, mfano ndani ya Nile huko Murchison Falls, Uganda, hesabu ya uzito na jaribio la chupa ni vilevile. Ila shina la ufito liwe na nguvu zaidi kuliko la besi, maana sangara wa huko anaweza kupita kilo 50 na mkondo ukamsaidia.

Limebaki suala la usafiri. Ufito wa futi 8 wa kipande kimoja hauingii kwenye teksi, na kwenye ndege ni mgogoro. Upo wa vipande viwili ambao kiungo chake kiko karibu na mpini, chini ya sehemu inayopinda, na huo hurusha karibu sawa na wa kipande kimoja. Nauchagua bila wasiwasi. Kiungo kikiwa katikati ya kiuno, ukatae. Na ukiwa majini na chambo kizito, kishike kiungo kila baada ya muda ukikaze, kwa sababu mtikiso wa kurusha hukizungusha kidogo kidogo, na kiungo kilicholegea ndicho hupasuka.