Kamera Mpya, Lenzi za Zamani: Ushauri kwa Wapiga Picha wa Mbeya na Iringa

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo yafaa ikumbukwe na kila familia ya Nyanda za Juu Kusini ambayo mmoja wake hujipatia riziki, au japo burudani ya siku ya mapumziko, kwa kupiga picha za wanyama wa porini. Kamera zisizo na kioo cha ndani zimeenea, na mwenye kamera ya zamani hujiuliza: Je, niuze kila kitu nianze upya, au ninunue bodi mpya tu niendelee na lenzi nilizo nazo?

Jambo hili si dogo. Lenzi ndefu iliyo nzuri mara nyingi hugharimu kuliko bodi ya kamera, nayo hudumu kuliko bodi. Kwa familia iliyojiwekea akiba kutokana na chai ya Mufindi au viazi vya Uporoto, uamuzi wa pupa waweza kumeza ada ya shule ya watoto.

Wala tusidhani kwamba picha za wanyama ni mchezo wa watalii tu. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifuatilia masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa walimwona katika misitu ya Mlima Rungwe kima ambaye sayansi haikuwa imemwandika, yaani kipunji. Mwaka 2004 watafiti wengine walimkuta katika msitu wa Ndundulu, Milima ya Udzungwa. Alipotangazwa rasmi mwaka 2005, hawakuwa na ngozi wala fuvu lake. Kielelezo rasmi kilikuwa picha ya mnyama aliye hai. Baadaye kipunji mmoja alipatikana amekufa katika mtego wa mkulima, na uchunguzi wake ukawafanya wataalamu, mwaka 2006, kumpa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kwa hiyo mwenye kamera katika milima hii aweza kuwa shahidi wa jambo kubwa.

KIOO KILICHOONDOLEWA

Katika kamera za zamani, mwanga uliopita kwenye lenzi ulipigwa na kioo ukapelekwa juu kwenye tundu la kutazamia. Kioo hicho kilihitaji nafasi. Katika kamera za Canon za aina ya EF, umbali kutoka mdomo wa kamera hadi sensa, yaani kibao kinachopokea mwanga, ni milimita 44. Katika kamera mpya za RF ni milimita 20. Kwa Nikon, umbali umepungua kutoka milimita 46.5 hadi 16.

Hapo ndipo ilipo faraja ya mwenye lenzi za zamani. Kinachohitajika ni adapta ya kuirudisha ile nafasi iliyopunguzwa. Adapta ya kawaida ya namna hii ni bomba tupu lisilo na kioo ndani yake, hivyo haipunguzi ubora wa picha. Lakini kinyume chake hakiwezekani: lenzi iliyoundwa kwa ajili ya kamera mpya haifai katika bodi ya zamani.

ANZA NA LENZI, SI BODI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kwenda dukani, andika lenzi zote zilizomo kabatini. Mwenye lenzi za Canon EF ana njia nyepesi, kwani adapta ya Canon huziunganisha na bodi za RF, nazo hujilenga zenyewe kama kawaida. Mwenye lenzi za Nikon aangalie maandishi yaliyo juu yake. Zenye herufi AF-S zina mota ndani na hujilenga kwa adapta ya FTZ. Zile za zamani za AF-D hutegemea mota ya bodi, na adapta hiyo haina mota. Itambidi mwenyewe azungushe kwa mkono. Kwa ua la Kitulo si neno, lakini kwa mbwa mwitu anayekimbia ni taabu tupu.

Kisha jiulize unapiga picha wapi. Ruaha, hifadhi tangu mwaka 1964, ni nchi ya mwanga mkali na wanyama walio mbali. Huko bodi yenye sensa ndogo ina faida: lenzi ya milimita 300 katika bodi ya Canon ya aina hiyo huona kama ya milimita 480, bila kuongeza lenzi nyingine. Msitu wa Rungwe una giza na ukungu. Huko hufaa zaidi sensa kubwa na lenzi yenye tundu pana, mathalani f/2.8 au f/4, hata kama ni fupi. Bodi moja haiwezi kuwa bora kuliko zote mahali pote.

FAIDA NA GHARAMA

Kamera mpya nyingi hulitambua jicho la mnyama na kulifuata, na zaweza kupiga picha bila mlio. Kima mwenye haya hatashtuka. Hata hivyo, katika bodi nyingi, shata hiyo ya kimya huyapinda mabawa ya ndege aendaye kasi. Kwa ndege tumia shata ya kawaida.

Gharama nazo zipo. Tundu la kutazamia sasa ni kiskrini kidogo kinachokula betri, basi weka fedha ya betri mbili za akiba. Baadhi ya bodi hupokea betri za zamani. Canon EOS R7 ya mwaka 2022, kwa mfano, hutumia zile za LP-E6N. Isitoshe, unapobadili lenzi hakuna kioo mbele ya sensa. Katika vumbi la Ruaha wakati wa kiangazi, funga madirisha ya gari, zima kamera, na uielekeze chini.

Mwisho, zikague lenzi zenyewe. Mulika tochi ndani ya kila moja: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, ugonjwa upendao unyevu wa Tukuyu. Lenzi iliyoharibika vibaya isiwe sababu ya kuchagua bodi. Zilizo nzima zichukue hadi dukani, uzijaribu kwa adapta papo hapo kabla ya kulipa.

Na ikiwa bodi ya zamani ingali nzima, nawe wapiga tembo na twiga mchana kweupe, subiri. Fedha hiyo itumie kwa safari ya kutoka Iringa mjini hadi Ruaha, ukae mtoni alfajiri hadi tandala washuke kunywa maji. Hakuna bodi iwezayo kupiga picha ya mnyama ambaye mwenye kamera hakumfuata.