Akiba ya uzeeni: Je, tuivunje wakati wa shida?

KILA shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi Septemba, swali hurudi katika vyumba vya walimu wa shule binafsi hapa Bujumbura. Makato yangu yanakwenda INSS kila mwezi, na leo mtoto hana karo. Kwa nini nisichukue kidogo?

Ndugu msomaji, swali hilo ni la haki, maana baadhi ya majirani zetu wanachukua. Uganda, sheria iliyosainiwa Januari 2022 inamruhusu mwanachama wa NSSF aliyefikisha miaka 45, na aliyechangia kwa miaka 10, kutoa hadi asilimia 20 ya akiba yake. Tanzania, nilikosomea ukimbizini, wafanyakazi walizoea fao la kujitoa. Bunge lilipolifuta mwaka 2012, wachimbaji wa migodini walipinga hadi serikali ikarudi nyuma.

Basi kwa nini si sisi? Jibu liko katika aina ya mfuko. NSSF ya Uganda ni mfuko wa akiba: kila mwanachama ana akaunti yake. INSS, iliyoanzishwa mwaka 1962, ni bima. Makato ya kijana wa leo ndiyo yanayosaidia kumlipa mzee, mjane na yatima wa leo. Hakuna chungu chenye jina lako cha kwenda kuchotea.

Unachopata ni haki ya pensheni maadamu u hai. Sheria ya mwaka 1999 iliweka umri wa miaka 60 na michango ya angalau miaka 15. Asiyetimiza miaka hiyo hupewa malipo ya mara moja tu.

Hapo ndipo sisi tuliorudi tunapobanwa. Aliyeanza kuchangia akiwa na miaka 45 hana hata mwaka mmoja wa kupoteza kabla ya kufika 60. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza utatoa kiasi gani, uliza kama mwajiri anapeleka makato yako, na utunze hati za mshahara.

Karo na ugonjwa vitafutiwe mfuko mwingine: kikundi cha kuweka na kukopa, au ushirika wa akiba na mikopo, hata kwa faranga chache kila mwezi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Tuiweke mahali pawili, moja ya dharura na moja ya uzee.