Hewa Ukaa kama Malighafi: Tofauti kati ya Kutumia na Kuhifadhi

Katika mijadala ya mazingira, hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, hutajwa zaidi kama kichafuzi. Hata hivyo, viwanda vya kemikali vimeitumia kama malighafi kwa takriban karne nzima. Mfano mkuu ni urea, mbolea inayofahamika vyema kwa wakulima wa Afrika Mashariki. Katika mchakato wa Bosch na Meiser, ulioanza kutumika kiwandani nchini Ujerumani mwaka 1922, amonia huunganishwa na hewa ukaa chini ya joto na shinikizo kubwa. Kila tani ya urea hubeba takriban tani 0.73 za hewa hiyo.

Kifungo hicho, hata hivyo, si cha kudumu. Urea ikifika shambani, vimeng'enya vya udongoni huivunja na kuiachilia hewa ukaa. Kiwanda cha George Olah nchini Iceland, kilichozinduliwa mwaka 2012, kilitengeneza methanoli kwa hewa ukaa ya kituo cha jotoardhi cha Svartsengi na haidrojeni iliyotenganishwa na maji kwa umeme. Methanoli nayo ikichomwa, hewa hiyo hurudi angani.

Kwa hiyo, istilahi zina uzito wa kisera. "Kutumia" si "kuhifadhi". Sera inayochanganya dhana hizi huweza kuhesabu ucheleweshaji kuwa punguzo. Yafaa kila waraka wa sera ubainishe mambo matatu: chanzo cha hewa ukaa, chanzo cha nishati, na muda ambao hewa hiyo itabaki ndani ya zao.