Madini Yanayorefuka Katika Moto

Mtu yeyote aliyemtazama mhunzi akifanya kazi ajua ya kuwa chuma kikiwa baridi hukataa kupinda, lakini kikivukutiwa moto mpaka kiwe chekundu, hutii nyundo. Jambo hilo, limpalo mhunzi riziki yake, ndilo liwatialo hofu mafundi watengenezao injini za ndege. Maana ndani ya injini madini hukaa katika moto kwa saa nyingi, na hayana ruhusa ya kupinda hata kidogo.

Katika injini ya ndege kubwa mna magurudumu yenye mapanga mengi membamba. Hewa ya moto ikipita kwa nguvu huyazungusha, kama maji ya mto yazungushavyo gurudumu la kinu. Gurudumu lizungukapo upesi, kila panga huvutwa kwenda nje, kama jiwe katika kombeo. Panga likirefuka kupita kiasi litakwaruza ukuta wa injini. Likivunjika, vipande vyake vitaharibu mapanga mengine.

Kwa miaka mingi mapanga hayo yalifanywa kwa mchanganyiko wa nikeli, ambao huvumilia moto lakini ni mzito. Siku hizi katika injini nyingine mapanga ya nyuma hufanywa kwa mchanganyiko wa titani na alumini, ambao uzito wake ni karibu nusu tu ya ule wa nikeli. Injini iitwayo GEnx ina mapanga ya namna hiyo, na ndege za Boeing 787 ambazo Kenya Airways ilianza kuzitumia mwaka 2014 zina injini hizo.

Mchanganyiko huu una tabia mbili. Ukiwa baridi, ni kama chungu cha udongo: ukivutwa, hurefuka kwa kadiri ya sehemu moja au mbili tu katika mia, kisha huvunjika. Ukipata joto la digrii 700 au 800 za Sentigredi, huanza kulegea.

Sababu yake ni hii. Madini yote yamefanywa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu, nazo hukaa kwa safu, kama askari katika gwaride. Wala safu moja haiteleza yote kwa mara moja juu ya nyingine. Fikiri juu ya mkeka mkubwa na mzito. Kuuburuta wote ni kazi ngumu. Lakini ukiukunja kidogo upande mmoja, na kulisukuma kunjo hilo mpaka upande wa pili, mkeka utakuwa umesogea. Katika madini pia mna makunjo kama hayo. Katika titani na alumini kila atomu ina jirani yake maalum, kwa hiyo wakati wa baridi makunjo hayaendi kwa urahisi. Joto likizidi, atomu hutikisika na kubadilishana mahali. Ndipo makunjo hupata njia, hata hupanda juu ya vizuizi na kuendelea.

Basi mafundi huyazuiaje? Huyapoza na kuyapasha moto madini kwa kipimo, mpaka ndani yake yafanyike matabaka membamba sana, kama karata zilizopangwa pamoja. Kila mpaka kati ya tabaka na tabaka ni ukuta mbele ya kunjo. Lakini matabaka yakielekea upande kwa mshazari, huteleza moja juu ya jingine. Yakisimama sawa na upande wa kuvutwa, huwa imara.

Ili kuyajaribu, hutundika uzito kwenye kijiti cha madini hayo ndani ya tanuri, na kukipima kwa mamia ya saa. Mwanzoni kijiti hurefuka upesi kidogo. Kisha huenda polepole kwa muda mrefu. Mwishowe huharakisha tena mpaka kikakatika. Kazi ya fundi ni kujua muda ule wa katikati utakwisha lini, na kuliondoa panga kabla ya hapo.

Panga haliharibiki kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, na urefu usioonekana kwa macho, ukiongezeka kila safari, waweza kuleta msiba. Kwa hiyo msafiri aonapo ndege imezuiliwa chini ili injini yake ikaguliwe, asinung'unike.