Mbweha Anamaliza Kuku Wako? Soma Hii Kabla Hujaweka Sumu

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Kamachumu alinipigia simu saa 12 asubuhi. "Bwana shamba, wanaisha!" Alikuwa na kuku chotara 120, na kwa usiku tatu walikuwa wamepotea 17. Nilipofika nilimkuta na utumbo wa ng'ombe kwenye ndoo na chupa ya dawa ya kupulizia nyanya. Alitaka mbweha afe usiku huohuo.

Nikamwomba nusu saa tu tuzunguke banda.

Kwanza tumjue mwizi, maana huku kwetu mbweha anasingiziwa kila kitu. Mbweha hubeba kuku akaondoka naye. Anakuachia manyoya na nyayo kama za mbwa mdogo, alama za kucha zikionekana. Ukikuta kuku 10 wameumwa na kuachwa palepale, mara nyingi huyo ni kicheche, kanu au mbwa wa jirani. Nyayo za siku ile zilikuwa za mbweha kweli. Zilitoka rweya, zikapita migombani, zikaishia kwenye rundo la vifaranga waliokufa kwa mdondo. Kijana alikuwa akiwatupa hapo, hatua 20 kutoka bandani! (Habari ya chanjo ya mdondo tutaongea siku nyingine, alinikasirisha.) Yaani alimwandalia mgeni chakula, alipokimaliza akasogea kwa kuku wazima.

Hata miji mikubwa ina shida hii. Chicago, Marekani, wana koyote, ndugu wa mbweha wetu, wanaoishi kabisa katikati ya watu. Mtafiti Stanley Gehrt na wenzake wamewafuatilia kwa kuwavisha kola za redio tangu mwaka 2000. Waligundua kwamba wengi wanakula panya, sungura na matunda, na wanajitahidi kuwakwepa watu. Tena ukimwondoa mmoja, eneo lake halikai wazi muda mrefu, mwingine anakuja. Ndiyo maana kazi kubwa ya miji ya kule ni kuwaelimisha wakazi: usimlishe, funika taka, paka alale ndani. Ukimkuta karibu na nyumba, piga kelele, gonga debe, nyanyua mikono mpaka aondoke, asije akazoea watu. Anayeondolewa ni yule aliyeanza kushambulia au aliyepoteza woga kabisa.

Mbweha wetu naye anakula panya, wale wale wanaomaliza mahindi yako ghalani. Mimi simwoni kama adui wa kumaliza.

Sumu ndiyo siitaki kabisa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua wanyamapori kwa sumu. Halafu fikiria: ule utumbo ungeliwa na nani kwanza? Mbwa wa jirani. Au mtoto angeushika.

Tulichofanya ni hiki. Mizoga yote tuliifukia kwenye shimo la mita moja na zaidi, tukaweka mawe juu. Wavu mwepesi wa kuku tuliuacha juu tu. Chini tukafunga wavu mzito wa chuma, tukauzika sentimita 30, na kipande kingine tukakilaza ardhini kuelekea nje, kwa sababu mbweha huchimba pale ukuta unapoanzia. Kuku wanaingia ndani kabla ya giza. Gharama iliuma, lakini kuku 17 nao ni hela.

Kisha mbwa wake wawili. Hawakuwa na chanjo. Lindi na Mtwara watafiti waliwahi kukuta zaidi ya asilimia 40 ya wanyama wenye kichaa cha mbwa ni mbweha, na hata huko chanjo ya mbwa ilisaidia kuushusha ugonjwa. Chanja mbwa kila mwaka. Mbweha anayetembea mchana akiyumba, au asiyeogopa mtu, usimsogelee. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo au afisa wanyamapori. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Wiki iliyopita nilipita tena. Hakuna kuku aliyepotea. Kwenye udongo mbichi kulikuwa na nyayo mpya, zimezunguka banda mara mbili, zikarudi rweya.