Kijana wako anacheza mchezo wa "kupoteza akili": mzazi ajue nini?

Mada yetu ya leo ni ngeni kidogo, lakini nimeulizwa na akina mama zaidi ya mmoja, na mimi mwenyewe imenigusa nyumbani kwangu, kwa hiyo nimeona tuizungumze bila kuoneana haya.

Ilianza hivi. Jumamosi moja ya baridi kali mwanangu alikuwa besimenti na wenzake wanne, wanacheza mchezo wao wa mezani. Nilikuwa nashuka na sinia la chai na maandazi, nikasikia mmoja anapiga kelele: "Nimepoteza pointi saba za akili! Nimekuwa chizi!" Wengine wakaangua kicheko. Nikasimama pale pale kwenye ngazi. Wanaonifahamu wanajua kwamba kaka yangu ameugua akili kwa zaidi ya miaka ishirini, na amelazwa Mirembe mara tatu. Neno hilo kwetu halichekwi. Nilitamani niokote dadu zote nikazitupe kwenye theluji.

Sikuzitupa. Jioni, wageni walipoondoka, nilimwita mwanangu anieleze mchezo wake tangu mwanzo. Alinieleza, kisha akaniuliza swali lililonifanya niandike makala hii: "Mama, mjomba naye aliona nini?"

Mchezo wenyewe ni upi?

Ni michezo ya kusimulia hadithi kwa pamoja. Mmoja ni msimamizi: yeye ndiye anayetunga mahali, maadui na matukio. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, shujaa, mchawi au mwizi, na anasema mhusika wake anafanya nini. Dadu ndizo zinazoamua kama amefaulu. Mchezo maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hakuna kompyuta, wala hakuna kamari. Ni karatasi, penseli na maneno mengi. Kusema kweli nikilinganisha na simu, mimi naona afadhali huu.

Kuna tawi moja la mchezo huo ambalo kazi yake ni kutisha. Mwaka 1981 kampuni ya Chaosium ilitoa mchezo unaoitwa Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen. Humo kila mhusika, pamoja na nguvu na afya ya mwili, ana hesabu ya akili timamu. Akiona maiti au jinamizi, anarusha dadu, na akishindwa anapunguziwa pointi. Akipoteza pointi tano au zaidi kwa mkupuo mmoja anaweza kupata wazimu wa muda. Zikifika sifuri, mhusika amekwisha. Na kadiri anavyozidi kujua siri za hayo madude ya kale, ndivyo kiwango cha juu cha akili yake kinavyoshuka, yaani elimu yenyewe ndiyo inayomharibu. Baadaye Dungeons & Dragons nao wakaweka mambo kama hayo. Kitabu cha msimamizi cha mwaka 2014 kina majedwali matatu ya wazimu: wa dakika chache, wa masaa mengi, na usiokwisha mpaka utibiwe. Unarusha dadu, jedwali linakuambia mhusika wako amepata kichaa gani, na rafiki yako mwenye uchawi wa kutosha anaweza kukuponya kwa sentensi moja.

Kwa hiyo yule kijana aliyekuwa akipiga kelele besimenti hakuwa anaumwa, wala hakuwa amepandwa na kitu. Alikuwa anasoma jedwali.

Hofu hii imetoka wapi?

Huyo Cthulhu ametoka kwa mwandishi mmoja wa Marekani, H. P. Lovecraft, aliyezaliwa mwaka 1890 na kufariki 1937. Katika hadithi zake binadamu ni kama sisimizi: nje huko kuna viumbe wakubwa wa kale ambao hata hawatuchukii, hawatujali tu, na mtu akiligundua hilo akili yake inavunjika. Ni hofu tofauti na ya shetani. Shetani anakutaka, hawa hawakutaki kwa lolote.

Jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi ni kwamba baba yake Lovecraft aliingizwa hospitali ya Butler, mjini Providence, kwa ugonjwa wa akili mwaka 1893, mtoto akiwa na umri wa miaka miwili na kitu, na hakutoka humo mpaka alipofariki mwaka 1898. Mama yake akaingia hospitali hiyo hiyo mwaka 1919, na kufariki 1921. Ukijua hivyo unaanza kuelewa kwa nini kila anayeona ukweli katika hadithi zake anaishia kwenye wazimu. Huyu alikuwa mtoto wa wagonjwa, na wakati wake tiba ilikuwa ndogo na aibu ilikuwa kubwa.

La pili tusilifiche: alikuwa mbaguzi wa kutupwa. Hadithi yake moja iko katika mtaa wa wahamiaji wa Brooklyn, na kinachotisha humo ni wahamiaji wenyewe, rangi zao na lugha zao. Yaani sisi. Sisemi vijana wetu wasicheze kwa sababu hiyo. Nasema wakicheza wajue waliyoyarithi, na wanapotunga hadithi zao wasiweke "watu wa kigeni wenye dini za ajabu" mahali pa jinamizi bila kufikiri.

Wazimu wa dadu na ugonjwa wa kweli

Sasa nirudi kwenye swali la mwanangu. Mjomba aliona nini? Mchezo ulikuwa umemfundisha, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba mtu huugua akili kwa sababu ameona kitu. Nikamwambia: mjomba hakuona kitu. Mjomba kwanza aliacha kulala. Kisha akaacha kuoga, akaacha kwenda kwenye kibanda chake cha kukarabati redio, akawa anakaa amegeuzia watu mgongo. Ilipita karibu mwaka kabla hajaanza kusikia sauti, na sisi mwaka huo wote tulikuwa tunasema ni mvivu, ana kiburi, amelogwa na mwanamke fulani.

Ugonjwa kama skizofrenia huja hivyo mara nyingi, polepole, na mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini. Haumpigi mtu kwa sababu ni dhaifu wa moyo. Unatokana na mambo mengi yanayokutana: urithi, ubongo wenyewe, misukosuko ya maisha, dawa za kulevya. Sonona nayo haimo kabisa katika majedwali yale, wala haina kelele, lakini ndiyo iliyo nyumbani mwetu zaidi. Na yale majedwali yanamfanya mgonjwa ama kichekesho ama mtu wa kuogopwa, wakati wagonjwa wengi hawamdhuru mtu, na wao wenyewe ndio wanaodhuriwa mara nyingi zaidi.

Hili la mwisho sisi tunalo ushahidi wake wa kwetu. Mnakumbuka Popobawa. Mwaka 1995 hofu ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, wamewasha moto, wasije wakavamiwa usiku. Katika hofu hiyo kundi la watu lilimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili likidhani ndiye Popobawa. Hakuna aliyerusha dadu siku ile. Hadithi ya kutisha ilimtafuta mwenye sura ya kuifaa, ikampata yule ambaye hawezi kujieleza.

Na Toronto hawakuwa bora kuliko sisi. Mlioko humu mnapanda tramu ya 501 kwenye Queen Street mnapita CAMH, hospitali kubwa ya afya ya akili. Ilifunguliwa pale mwaka 1850, na kwa miaka mingi anuani yake, 999 Queen Street, ilikuwa ni tusi mjini humu, kama vile kwetu mtu anavyoambiwa "umetoroka Mirembe?" au Nairobi "umetoka Mathare?" Mwaka 1979 ilibidi namba ibadilishwe iwe 1001 ili kupunguza aibu. Sehemu za ukuta wa zamani bado zipo, na waliozijenga karne ya 19 ni wagonjwa wenyewe, bila kulipwa. Mpeleke kijana wako akauguse ukuta ule kabla hajatunga "hospitali ya vichaa" katika mchezo wake.

Je, mchezo unaleta wazimu?

Hapana. Hofu hii si mpya. Mwaka 1979 kijana mwerevu sana wa miaka 16, James Dallas Egbert, alitoweka katika chuo kikuu cha Michigan State, na magazeti yakaandika kwamba amepotelea chini ya ardhi kwa sababu ya Dungeons & Dragons. Alipatikana hai, lakini mwaka uliofuata alijiua. Baadaye mpelelezi aliyemtafuta alieleza kwamba kijana yule alikuwa na msongo mkubwa, upweke na sonona. Wakati watu wakizozana juu ya mchezo, ugonjwa ulikuwa kazini. Filamu iliyotokana na hofu ile, Mazes and Monsters ya mwaka 1982, aliyoigiza Tom Hanks akiwa bado kijana, sehemu yake ilipigwa hapa hapa Toronto.

Kama unatafuta kitu cha kuhofia, tafuta bangi. Ilihalalishwa Canada tarehe 17 Oktoba 2018, na Ontario inauzwa kwa mwenye miaka 19 na kuendelea, lakini inawafikia wadogo pia. Kwa ubongo wa kijana, hasa ambaye ukoo wake una ugonjwa wa akili, bangi kali inayovutwa mara kwa mara inaongeza hatari ya kusikia sauti na kupoteza uhalisia. Mimi mwanangu nimemwambia wazi: dadu cheza, ile usiguse, kwa sababu ya damu ya mjomba wako.

Vijana mnaosimamia mchezo, someni hapa

Msimwache mtu akashtukizwa. Kabla ya kuanza kaeni mkubaliane kipi hakitakuwemo kabisa. Katika meza zetu wapo waliotoka Kongo na Burundi, ambao yaliyo kwenye karatasi kwenu wao waliyaona kwa macho. Mwaka 2013 mchezaji mmoja wa New York, John Stavropoulos, alibuni kadi yenye herufi X inayowekwa katikati ya meza. Anayeigusa, jambo lile linaachwa, na haulizwi sababu. Ni kitu kidogo na kinafanya kazi. Hata wenye Dungeons & Dragons wamejirekebisha: kitabu chao cha Ravenloft cha mwaka 2021 kinatumia hofu na msongo badala ya yale majedwali ya wazimu.

Msimpe mhusika jina la ugonjwa. "Amepata skizofrenia kwa dakika kumi" ni upuuzi wa kitabibu na ni tusi kwa mtu. Semeni anachokipitia: hawezi kulala, anasikia mlango ukigongwa wakati hakuna mlango, hamwamini tena rafiki yake. Hilo linatisha zaidi, niaminini. Mwanangu alibadilisha hadithi yake hivyo. Shujaa mmoja alirudi kutoka pangoni mzima, wakamshangilia, kisha kwa siku kadhaa za mchezo ule akawa hali chakula na wenzake. Aliniambia meza nzima ilinyamaza. Nikamuuliza wakamfanyaje, akasema mmoja alikataa kuendelea na safari mpaka wamsubiri.

Wazazi wanaotaka kuona vitabu hivi bila kununua waende maktaba ya Lillian H. Smith, 239 College Street. Humo mna mkusanyiko wa Merril wa hadithi za kubuni, ulioanzishwa mwaka 1970, na michezo hii ni sehemu yake. Kuingia ni bure.

Lini uwe na wasiwasi?

Mtoto anayecheka na wenzake, anayekula, anayeenda shule, mwache na majinamizi yake. Ushtuke ukiona ameacha kucheza. Ameacha marafiki, halali au analala mchana kutwa, alama zinaporomoka, haogi, anazungumza na asiyeonekana, anaamini watu wanamfuatilia, au anasema afadhali asingekuwepo. Hayo yakidumu majuma mawili, usingoje. Akizungumzia kufa, usingoje hata siku moja. Ukitaka kumwombea, mwombee, ukitaka kisomo, kifanye, lakini na kwa daktari aende wiki hiyo hiyo.

Anza na daktari wa familia, ambaye atakuandikia kwenda kwa daktari bingwa wa akili. Wenye OHIP hawalipi. Kijana anaweza kupiga mwenyewe Kids Help Phone, 1-800-668-6868. Mwenye mawazo ya kujiua apige au atume ujumbe 988, usiku na mchana. Kwa mwenye miaka 16 na zaidi aliye katika hali mbaya, na nyinyi mnaogopa kuita polisi, pigeni 211 muulizie huduma ya dharura ya jamii ya Toronto: wanaokuja ni wahudumu wa afya ya akili, na tangu 2024 wanafika mji mzima. Maisha yakiwa hatarini hapo hapo, ni 911 au chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu.

Ukifika hospitali omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali kubwa nyingi za hapa zinao bila malipo, kwa simu kama si ana kwa ana. Usimtumie mdogo wake mgonjwa kutafsiri. Mimi niliwahi kufanyiwa hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, kumtafsiria mganga wa Kizungu maneno ya kaka yangu, na yapo niliyoyaruka.