Malaria inapokanyaga breki yetu

Pwani ya Kenya na Tanzania si ajabu kumkuta bibi anayeshinda shambani, hana homa, kichwa hakimuumi, na akipimwa damu anakutwa na vimelea vya malaria. Mjukuu wake akipata vimelea hivyohivyo anaweza kushikwa na degedege kabla hakujakucha. Tumezoea kusema bibi amezoea. Ni kweli, lakini ndani ya kuzoea huko kuna kazi ambayo wanasayansi wameanza kuielewa miaka ya karibuni tu, na sehemu yake moja nzuri kabisa ilionekana katika damu ya watu wa Kilifi.

Tuanze na breki. Seli zinazotulinda na magonjwa zina vipokezi vya kuzichochea, na pia zina vipokezi vya kuzituliza. Hivi vya pili ndivyo breki. Kimoja kiitwacho PD-1 kiligunduliwa na Tasuku Honjo na wenzake mjini Kyoto mwaka 1992. Mwaka 2018 yeye na Mmarekani James Allison walipewa Tuzo ya Nobel, kwa kuwa kuzuia breki za namna hiyo kumewapa baadhi ya wagonjwa wa saratani maisha ambayo hawakuyatarajia.

Mtu atauliza: kwa nini basi tusiiachie breki kwenye malaria? Imejaribiwa kwa panya. Mwaka 2012 watafiti walizuia breki mbili kwa pamoja, ya PD-1 na nyingine iitwayo LAG-3, na vimelea vikaondoka haraka kwenye damu. Lakini mwaka huohuo wengine walionyesha upande wa pili: panya wa ukoo ambao kwa kawaida haupati malaria ya ubongo waliipata breki zilipozuiwa. Kinga iliyokosa breki huumiza mwili inaoulinda. Aliyewahi kukaa wodini na mtoto mwenye malaria kali hahitaji kuelezwa kwa nini breki hizo zipo.

Tatizo ni kwamba kimelea nacho kinaijua breki. Plasmodium falciparum, kinachoua kuliko jamaa zake wote, hukaa ndani ya chembe nyekundu ya damu na kutandaza juu yake protini ziitwazo RIFIN. Kina jeni zipatazo 150 za kuzitengenezea, kwa hiyo kila mara kinaweza kubadilisha sura. Mwaka 2017 watafiti wa Japani walionyesha kwamba baadhi ya RIFIN hushika breki iitwayo LILRB1, iliyopo kwenye seli zinazoua chembe zilizoambukizwa na kwenye zile zinazotengeneza kingamwili. Seli inayokuja kushambulia huguswa hapo, ikatulia. Chembe zilizoambukizwa kutoka kwa wagonjwa wa malaria kali ziliishika breki hiyo zaidi kuliko za wagonjwa wenye malaria ya kawaida. Mwaka 2020 umbo la mshiko huo lilipochunguzwa, ilionekana RIFIN inaigusa breki kwa namna inayofanana na protini zetu wenyewe, zile zinazoiambia seli: huyu ni wa nyumbani, mwache.

Sasa Kilifi. Watafiti walichukua maji ya damu ya mamia ya watu wazima na kuyachanganya na chembe zilizoambukizwa na vimelea vya aina mbalimbali, waone ni ya nani yatakayozigandisha pamoja. Ya wengi yaligandisha aina chache. Ya watu wachache mno yaligandisha aina nyingi. Walipozifungua kingamwili za watu hao, walikuta jambo ambalo, kwangu mimi, ni miongoni mwa ya kustaajabisha zaidi katika elimu ya kinga. Kipande cha jeni ya breki nyingine, LAIR1, kilikuwa kimetoka kromosomu namba 19 na kujipachika ndani ya jeni ya kingamwili, kromosomu namba 14.

LAIR1 ni breki nyingine inayoshikwa na RIFIN. Kazi yake ya kila siku ni kugusana na kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na mifupa yetu. Katika kingamwili za Kilifi kipande hicho, chenye viungo vya amino kama 100, kilikuwa kimebadilika kidogo kidogo: mshiko wake kwa kolajeni umetoweka, mshiko wake kwa RIFIN umeongezeka. Mahali ambapo kimelea kilitafuta breki ya kukanyaga, mwili umeweka ndoana. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2016.

Hiyo bado si chanjo. Chanjo zilizopo, RTS,S na R21, hukilenga kimelea kingali njiani kuelekea kwenye ini, kabla hakijaingia katika chembe nyekundu. Kikishapenya hadi humo na kutandaza RIFIN zake, hazina la kufanya. Hapo ndipo kingamwili za wale watu wa Kilifi zinapokishika.